Habari Tuliyokulazimisha Kusimulia

Mdogo wangu Odilo,

Leo sianzi na salamu. Salamu nimekutumia mara ngapi? Nimempa dereva wa gari la Mbamba Bay barua mbili, na ameapa kwamba zilikufikia mkononi. Simu yako inaita mpaka inakata. Nikimpigia mkeo Adela, nakusikia ukikohoa pembeni, halafu ananiambia umetoka. Basi hii naiandika wazi, nitaibandika hata kwenye ubao wa matangazo wa kanisa ikibidi, na anayetaka kusoma asome. Kuna sababu ya kuiandika wazi na nitaifikia.

Jambo lenyewe nakuambia mapema, usije ukaacha kusoma katikati kama ulivyozoea. Nataka upande huku Litembo umwone Sista, yule mshauri wa hospitalini. Na nataka umbebe mwanao. Skola anakaribia kutimiza mwaka na hujawahi kumbeba hata mara moja. Usibishe, Adela kaniambia, na Pasaka nilipokuja kwako Lundo nimeona mwenyewe. Mtoto kakunyooshea mikono yote miwili, wewe ukamwita mama yake aje amchukue, ukatoka nje kama mtu aliyesahau kitu.

Ninakasirika, Odilo. Ninakasirika kwa sababu katika ukoo huu hakuna aliyebebwa kama wewe. Ulizaliwa mimi nikiwa na miaka tisa. Mama na wenzake wakiwa kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, wakifukia majani kwa udongo, mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na wewe mgongoni, umelala, umenilowesha mate shingo nzima. Ulipofika miaka mitano bado ulikuwa ukikaa chini njiani tukitoka kanisani, unagoma kutembea. Mama akawa anasema, "Huyu atatembea siku ya kipaimara." Halafu anainama, unapanda.

Ndiyo maana ulipopata pikipiki ulimwambia, "Sasa zamu yangu." Nakumbuka alivyojifanya hataki. Wiki iliyofuata hakuwa anakwenda popote kwa miguu tena. Misa, gulio, kliniki ya presha, kote ni Odilo. Alikuwa anakaa upande na kitenge chake, mwavuli kwapani, anasalimia watu wa pande zote za barabara kama mheshimiwa aliyekuja kuomba kura. Ukiongeza mwendo alikugonga begani: "Polepole, mimi si gunia." Ulikuwa unacheka mpaka watu wanakusikia toka bondeni. Nimekuwa nikikusikiliza huko Lundo kwenye simu za Adela, sijasikia kicheko hicho tena.

Halafu ikaja ile siku ya Machi mwaka jana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mlikuwa mnatoka kliniki, gurudumu likateleza kwenye kona ya juu na Mama akaanguka. Nilisikia watu wakiita, nikakimbia kutoka shambani na jembe mkononi. Sitaandika zaidi ya hapo. Uliyoyaona unayajua na niliyoyaona nayajua, na watu wengine walishaelezwa mpaka wakashiba.

Hapo kwenye kuelezwa ndipo ninapotaka tukae.

Unajua desturi yetu. Mgeni wa msiba akifika, akilia, akakaa, akapewa maji, mzee wa familia anakohoa kidogo na kusema wageni wapewe taarifa. Anayeitoa ni yule aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho. Ni heshima, hatukatai. Mtu ametoka mbali, hawezi kuondoka bila kujua ilikuwaje. Lakini Mama hakufa kwa ugonjwa ambao mtu anausimulia huku akitazama paa. Alifia mikononi mwako barabarani. Na wageni walikuja makundi kwa makundi: jumuiya yetu, jumuiya za jirani, kwaya, wakwe zako kutoka Lundo, ndugu wa Mama kutoka Lituhi, watu wa chama cha ushirika. Kila kundi likikaa, taarifa inaanza upya. "Siku ya tukio tulitoka nyumbani saa mbili." Mpaka kwenye kona. Na ulipofika kwenye kona mkono wako wa kulia ulikuwa unaonyesha pikipiki ilivyolala, hata kama hujaulizwa.

Na nani alikuwa anakuita? Mimi. Dada mkubwa, msimamizi wa wageni. "Odilo, njoo, watu wa Lituhi wamefika." Ulikuwa umelala nyuma ya ghala, ndiyo kwanza usingizi umekuchukua, nikakuamsha. Siku ya tatu ulikuwa unasimulia kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma matangazo. Watu wakasema kijana ana moyo, amejikaza. Na mimi nikajivuna, nakuambia ukweli. Nilidhani ukisema sana yataisha, kama mtu anavyomwaga maji ndooni. Kumbe kila tulipokusimamisha tulikuwa tunakurudisha barabarani.

Mtu mmoja tu hakuuliza. Mzee Shabani mwenye duka la vitenge Mbinga, ambaye Mama alikuwa mteja wake miaka yote. Alifika na kofia yake, akatupa pole, akaomba dua kimya. Baba Mdogo alipotaka kukusimamisha, Mzee akasema, "Kijana apumzike, mimi nimetosheka." Unajua nilifikiria nini? Nilimwona hana adabu. Nikasema moyoni, huyu hata hataki kujua Mama alikufaje. Leo natamani nimwamkie shikamoo mara mia.

Kisha Baba Mdogo akauliza lile swali lake, mbele ya watu wa ushirika. "Sasa kwa nini hukupita njia ya chini?" Ukajibu, "Niliamua mwenyewe kupita juu." Kuanzia hapo ukaliingiza kwenye taarifa bila kuulizwa. Kila kundi likasikia kwamba uliamua mwenyewe. Arobaini ilipoisha ukauza pikipiki, ukamchukua Adela na mimba yake, ukateremka ziwani kwa wakwe zako. Ukaniambia unakwenda kulima mpunga. Tangu lini wewe ukapenda mpunga?

Ulipoondoka nikabaki na yangu. Nikisikia pikipiki inashuka mlimani na breki zinalia, mikono inakufa. Nimeshaangusha sufuria la uji, nimeshaangusha chombo cha kanisa. Moyo unakwenda mbio nimekaa tu, sifanyi kitu. Nikazunguka kijiji kizima kwa njia za miguu ili nisiipite kona ile, saa nzima ya ziada, na kiroba cha mahindi kichwani. Muuguzi mmoja hospitalini ndiye aliyeniambia kuna Sista, mtawa aliyesomea mambo ya ushauri, anayekaa pale Jumatano, na anatibu watu wa namna yangu kwa kuwachezesha macho.

Nilicheka, kama ulivyonicheka wewe nilipokutajia. Macho yangu yana nini?

Na kijiji nacho, unakijua. Ikaenea kwamba Imelda anapoteza uwezo wa kuona. Jirani akaniletea karoti. Mwenyekiti wa jumuiya akaomba niombewe macho yangu. Baba Mdogo akawa ananiuliza kila tukikutana kama nimeshapewa miwani, na nilipomwambia sina shida ya macho akasema basi hao wanakupotezea muda, nenda kachume kahawa. Nimechoka kueleza. Ningekuwa na malaria wangenielewa wote kwa neno moja.

Siku ya kwanza nilijiandaa. Nilivaa vizuri, nikaketi mbele ya Sista, nikaanza: "Siku ya tukio marehemu alitoka nyumbani saa mbili." Akanyanyua mkono. Akasema, "Usinieleze yote, mama. Leo hatuendi huko kabisa." Odilo, nilikasirika. Nimeacha kahawa mtini, nimetembea mlima mzima, halafu mtu hataki kusikia? Nikataka kunyanyuka. Akaniuliza kama kuna mahali nikiwa hapo moyo unatulia. Nikamwambia meza za kuanikia kahawa, asubuhi, kabla watu hawajafika. Tukafanya kazi na meza hizo tu, jinsi ya kwenda hapo kwa mawazo na kurudi, jinsi ya kuvuta pumzi. Jumatano mbili nzima hakuna cha macho. Nikawa narudi nyumbani nimenuna.

Jumatano ya tatu akasema nichague picha moja, ile inayouma zaidi. Siyo hadithi, picha. Nilichagua Mama alivyolala. Akauliza inaniambia nini kuhusu mimi mwenyewe, nikasema, "Nilichelewa." Akauliza inasumbua kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Nikasema kumi, na kama kuna kumi na mbili andika hiyo. Kisha akaketi karibu yangu kwa upande, akanyanyua vidole viwili mbele ya uso wangu, akavipeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia, na mimi navifuata kwa macho bila kugeuza kichwa, huku ile picha nimeishika akilini. Baada ya muda anaacha. "Vuta pumzi. Nini kinakuja sasa?" Namwambia kwa neno moja au mawili. "Endelea na hicho." Tena vidole. Ni hivyo tu. Hashangai, hasemi pole, haulizi kwa nini hatukupita wapi.

Nilimuuliza inafanyaje kazi. Akasema jambo la kutisha likimjia mtu ghafla, akili inaliweka likiwa bichi, na sauti zake na harufu yake, ndiyo maana likiguswa linatokea upya kama ni leo. Nikamwambia kama kahawa mbivu iliyoachwa kwenye gunia bila kumenywa, akacheka, akasema chukua huo mfano. Ukilishika jambo hilo huku macho yana kazi nyingine, akili inapata nafasi ya kulishughulikia na kuliweka mahali pa mambo yaliyopita. Akasema pia, bila kuficha, kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana ni kwa nini macho yanasaidia. Nilimpenda kwa hilo. Na si uchawi. Kuna Jumatano nilirudi nikiwa mbaya kuliko nilivyokwenda, nikalia jikoni, nikamgombeza mume wangu kwa chumvi ambayo alikuwa hajaigusa.

Sasa nikuombe radhi ya kwanza. Pasaka nilipokuja Lundo nilikuwa na Jumatano chache tu mwilini, na nikajiona bingwa. Nilikukalisha kwenye mkeka, nikanyanyua kidole changu mbele yako, nikakuambia, "Tazama hiki, na kumbuka ile kona." Hivyo hivyo, bila maandalizi, kama mtu anayempa mwenzake dawa aliyobakiza. Nilikuona ukibadilika rangi. Ukaenda kutapika nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hupokei simu yangu. Nilipomsimulia Sista, nilidhani atanisifu kwa kujaribu. Alinigombeza mpaka nikaona aibu. "Kidole ni sehemu ndogo kuliko zote," akasema. "Ulimpeleka kwenye kona ukamwacha huko peke yake." Ni kweli. Nilikufanyia kwa kidole lilelile nililokufanyia kwenye matanga kwa mdomo. Nisamehe, na usimhukumu Sista kwa ujinga wangu.

Baada ya hapo ndipo lilipokuja lile ambalo linanifanya niandike wazi.

Tulikuwa bado na picha ya Mama. Vidole vinakwenda, picha ikafifia, nikadhani tumemaliza. "Nini kinakuja?" Ukaja wewe. Umesimama mlangoni siku ya tatu, mkono umelala hewani kuonyesha pikipiki, na macho yako yananitazama. Nikamwambia Sista sitaki hiyo. Akasema hatulazimishi, ila akaniuliza kama naweza kuendelea kidogo. Nikaendelea. Ikaja sauti yangu mwenyewe kwenye simu.

Wasomaji wasikie, kwa kuwa wewe unajua. Siku ile mlikuwa mmeshatoka kliniki na mnarudi kwa njia ya chini, kama mlivyozoea wakati wa mvua. Mimi ndiye niliyepiga simu. Nikasema piteni juu kwa Mama Bosco mnichukulie mbegu za maharage, kesho nina watu wa kulima. Odilo ukasema, "Dada, huko juu kuna utelezi." Nikakujibu, "Acha uvivu, ni dakika kumi tu." Mkapita juu. Mama akapakata ule mfuko wa mbegu kwa mikono yote miwili zisimwagike, na ndiyo maana hakuwa amekushika wewe. Watu waliziokota mbegu kwenye matope, wakaniletea. Nilizipanda, Odilo. Nilizipanda, nikavuna, na sikumwambia mtu.

Baba Mdogo alipokuuliza kwa nini hukupita chini, ulinitazama. Mara moja tu. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikatazama vikombe. Ndipo ukasema uliamua mwenyewe.

Nani alikuomba unifiche? Nakuuliza kwa hasira, na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi, kwako au kwangu. Ulibeba la kwako na la kwangu, ukalirudia mbele ya kila kundi mpaka ukaliamini. Siku hizi unaamini kabisa kwamba uliamua mwenyewe, Adela ameniambia ndivyo unavyosema ukiwa umekunywa. Hukuamua. Ulimtii dada yako aliyekuita mvivu. Na ukamwacha dada yako aheshimiwe msiba mzima akigawa chai.

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, nilisimama nikayasema haya yote. Baba Mdogo akaanza, "Sasa kwa nini wewe siku ile...", nikamwambia, "Baba, shikamoo, lakini swali hilo limetosha." Akakasirika, mpaka leo hanisemeshi. Wengine wanasema nimemvunjia heshima mkubwa, na mmoja amesema haya ndiyo matokeo ya kuchezewa macho. Waseme. Nimechoka kuwa mtu mzuri kwa gharama yako.

Usidhani nimepona kabisa. Sista hakunifutia simu ile, wala hakuniambia sikukosea. Ila lile neno "Nilichelewa" liliondoka, na lililokuja mahali pake nililisema mwenyewe, hakunipa yeye: niliagiza mbegu, sikuagiza kifo. Picha ambayo ilikuwa kumi sasa ni tatu, siku mbaya nne. Wiki iliyopita nilipita kwenye kona kwa miguu yangu, nikasimama, nikaendelea. Breki zikilia bado nageuka, lakini sufuria linabaki mkononi.

Sista anasema ukija hutasimulia. Utakaa naye kwanza mtafute mahali pako pa kutulia, kwa siku nyingi kadiri utakavyotaka. Macho yakikuchosha, wapo wanaogongwagongwa taratibu magotini, kulia na kushoto, nao husaidika. Ukisema basi, inakuwa basi. Mimi nitakaa nje kwenye benchi na mdomo nimeufunga. Na kama hutaki kupanda huku mbele ya watu, Sista atakuwa Mbinga Alhamisi, nenda huko, hata usiniambie. Lundo si Ulaya, ukitoka asubuhi unafika mchana.

Nimekuandikia kwa ukali kwa sababu upole umeshindwa. Nakupenda, na nimekukosea mara tatu: kwa simu, kwa matanga, na kwa kidole. Msalimie Adela, mwambie asante kwa kuniambia yale ambayo wewe hukuniambia. Kaa salama na watu wako huko ziwani.

Adela alinipigia jana. Amesema Skola ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Anapiga hatua mbili, anaanguka, anakaa, anaangalia mlangoni kama upo, halafu ananyanyuka tena mwenyewe. Hesabu, Odilo, amebakiza siku ngapi za kutaka kubebwa.

Dada yako,
Imelda